Kitasa Kimoja, Mikono Mingi

Mwezi huu hatuendi mbali. Tunabaki nyumbani, na tukitoka tutakwenda shuleni tu, kwa kuwa ndiko watoto wetu wanakoshinda. Tunataka kusema juu ya vitu ambavyo kila mtu huvishika na karibu hakuna anayeviosha: kitasa cha mlango, komeo la choo, koki ya ndoo, mpini wa kata, kikombe cha mtungini, dasta ya ubaoni, swichi ya taa, na siku hizi simu ya mama, ambayo kabla ya kulala imekwisha kupita kwa watoto wote watano.

Ukipita alfajiri katika vitongoji vya Bujora na Kisesa, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, utawakuta akina mama na mabinti wameinama na fagio zao. Uwanja unafagiliwa mpaka alama za fagio zinabaki mchangani zimejipanga kama matuta ya viazi. Ndani, sakafu inapigwa deki. Mgeni akija ataona nyumba ya watu wanaojiheshimu, na sisi hatuna neno baya la kusema juu ya desturi hiyo.

Lakini hebu tujiulize. Sakafu inayooshwa kila siku inaguswa na nini? Nyayo. Na komeo la choo, ambalo watu wanane au kumi hulishika kila asubuhi, kila mmoja akiwa anatoka na bado hajanawa, liliwahi kuoshwa lini? Wengi wetu hatutakumbuka. Tunasafisha kile ambacho jicho la mgeni litakiona, tunaacha kile ambacho mkono wa mtoto utakishika. (Mwenye mtoto anayetambaa atatukatalia, na ana haki. Kwa mtoto huyo sakafu ni meza, ni kiti na ni uwanja wa kuchezea, basi aipige deki vizuri zaidi.)

Juni, wageni wanapokuja

Tumeichagua Bujora kwa makusudi. Kila mwaka mwezi wa Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hapo ndipo panapochezwa Bulabo, ngoma za mashindano za Wasukuma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ndiye aliyeanza kukusanya mali za kale za Wasukuma pale Bujora katika miaka ya 1950, na mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Wengi wenu mmeyaona: ngoma za watemi, vigoda vyao, vyungu, vibuyu na kata.

Kwa mama mwenye nyumba, msimu wa ngoma maana yake ni wageni. Shangazi anatoka Magu na wajukuu watatu, shemeji anatoka Shinyanga, na yupo kijana ambaye hakuna anayejua vizuri ni wa nani lakini amelala hapo siku mbili na anakula vizuri. Ugali unaliwa kwenye sinia moja. Maji yanatekwa kwa kata moja, na kila anayeingia anaitumbukiza mtungini mkono wake ukigusa maji. Choo kilichojengwa kwa ajili ya watu wanane sasa kinahudumia ishirini. Ngoma zikiisha na wageni wakishaaga, mara nyingi mama hubaki na mtoto anayehara, na jirani naye ana wake.

Hapa tunajua tutaulizwa: je, mnatuambia tusikaribishe wageni? Hasha. Mwanamke wa Kisukuma hawezi kuambiwa hivyo akasikiliza. Tunasema ukarimu uwe na kata mbili: moja ya kutekea, yenye mpini mrefu, inayoning'inia ukutani na isiyogusa mdomo wa mtu, na vikombe vya kunywea kando. Mtungi ufunikwe. Na mlangoni mwa choo pawe na maji ya kunawa, siyo nyuma ya nyumba ambako mgeni haoni na anaona haya kuuliza.

Vinavyopita mikononi

Januari 2024 wengi wetu tulijifunza somo hili kwa macho, tena kwa uchungu. Ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na mikoa mingine ya nchi yetu, ukafika Zanzibar na pwani ya Kenya. Mtu aliamka kope zimegandana, macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Anajifuta kwa kitambaa, kitambaa kinashikwa na mdogo wake. Anajikuna, kisha anashika mlango wa daladala. Ugonjwa ule husababishwa na virusi, na aina ya virusi vinavyoshika macho inaweza kukaa hai juu ya chuma, plastiki au meza kwa siku nyingi, hata wiki. Ndiyo maana ukiingia katika bweni au darasa hautoki upesi. Tulisikia wapo waliojitia chai ya rangi machoni, wengine maziwa ya mama. Havikuwasaidia. Walionusurika walikuwa wale wenye taulo yao, mto wao na mikono iliyonawa.

Kipindupindu nacho tunakijua kwetu. Mwishoni mwa 2023 na katika mwaka 2024 kilitembea katika mikoa ya kanda ya ziwa, Simiyu, Mara, Shinyanga na Mwanza. Kijidudu cha kipindupindu hakipendi ukavu. Juu ya meza iliyokauka juani kinakufa upesi, lakini juu ya tambara bichi, beseni lenye maji kidogo au kibao cha kukatia samaki kinakaa. Virusi vya kuhara vya watoto, kama rota, ni vigumu zaidi: hukaa siku kadhaa juu ya kitu kikavu. Chanjo ya rota inatolewa nchini tangu 2013 na imesaidia sana, lakini si kila kuharisha ni rota.

Kuhusu korona tuseme ukweli kama tunavyoujua leo. Shule zilipofungwa Machi 2020, na zilipofunguliwa tena Juni 29 mwaka ule, tulifuta kila kitu, hata mifuko ya sukari. Baadaye ilibainika kwamba ugonjwa ule hupita zaidi hewani, katika pumzi za watu waliofungiana ndani, kuliko juu ya vitu. Kwa korona na mafua, kufungua dirisha kuna faida kuliko kufuta dawati. Lakini kwa tumbo na macho, dawati, kikombe na komeo ndiyo njia yenyewe. Zile ndoo za kunawia zilizowekwa kila mlango mwaka ule zilipunguza mengi, na inasikitisha kwamba nyingi koki zilipasuka na hakuna aliyenunua nyingine.

Sabuni kwanza

Tukisema kusafisha, wengine hufikiri mara moja juu ya dawa kali ya dukani. Taratibu, dada. Kazi ina sehemu mbili, na ya kwanza ndiyo kubwa: kuondoa uchafu kwa maji, sabuni na kusugua. Mafuta ya samaki, jasho, vumbi, ugali uliokauka, vyote hivyo ni nyumba ya vijidudu. Ukimwaga dawa juu yake, dawa inamalizwa na uchafu kabla haijafika kwa kijidudu. Mama mwenye kipande cha sabuni ya mche na dodoki amekwisha kushinda zaidi ya nusu ya vita, hata kama hana senti ya kununulia kitu kingine.

Osha kuanzia pasafi kwenda pachafu, na juu kwenda chini. Kitasa na swichi kabla ya sakafu. Meza kabla ya miguu ya meza. Choo mwisho kabisa. Kitambaa cha choo kisirudi jikoni hata kikioshwa. Sisi tunapenda kukishona uzi mwekundu pembeni ili msichana wa kazi, au mume siku anapoamua kusaidia, asikosee. Swichi ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, tena mkono ukiwa mkavu. Simu izimwe, ifutwe kwa pamba yenye spiriti kidogo, isimwagiwe.

Na tambara la jikoni! Hapa inabidi tukae kidogo. Ni tambara lile lile linalofuta meza, linaloshika sufuria ya moto, linalofuta mdomo wa mtoto, kisha linatupwa kwenye kona ya karo likiwa bichi mpaka kesho. Anayefuta meza kwa tambara la namna hiyo hasafishi, anapaka. Lifue kila siku kwa sabuni, lichemshe kwenye sufuria yake dakika kumi angalau mara mbili kwa wiki, na lianikwe juani likauke kabisa. Ni heri kuwa na vitambaa vinne vya kanga iliyochakaa vinavyopokezana kuliko sponji moja nzuri ya dukani isiyokauka.

Jua tunalo, nalo ni la bure. Bibi zetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati vikundi vya watu wazima, karibu watu milioni 2 nchi nzima, vilipokusanyika kusikiliza redio na kujifunza juu ya malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Vijiji vilichimba vyoo. Katika miaka ile ya mafunzo kichanja cha vyombo kilikuwa alama ya nyumba ya mama mwerevu: miti minne, fito juu, vyombo vimelala vikiangalia jua, mbuzi na kuku hawavifikii. Siku hizi tunaona vichanja vimeanguka na vyombo vinarundikwa ndani ya beseni lenye mfuniko, vibichi. Beseni lenyewe ni zuri, lina maua. Lakini kichanja kilikuwa na akili zaidi.

Maji ya kusafishia je? Wanaochota ziwani au kwenye lambo wayaache yatulie, wayachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Maji yenye tope hula dawa kama uchafu unavyoila. Na kwa wenye kuchota ziwani lipo jambo jingine: viluwiluwi vya kichocho haviishi zaidi ya saa 48 visipompata mtu. Maji yaliyokaa ndani ya pipa lililofunikwa siku mbili hayataleta kichocho kwa binti anayeloweka mikono yake humo akipiga deki. Kwa kunywa bado yachemshwe.

Dawa, na vipimo vyake

Ipo hadithi ya kweli ambayo kila mwanamke angefaa kuijua. Mwaka 1847 katika hospitali moja ya uzazi mjini Vienna, Austria, akina mama walikuwa wakifa ovyo kwa homa baada ya kujifungua. Daktari Ignaz Semmelweis akagundua kwamba wanaokufa wengi ni wa wodi ile ambayo madaktari na wanafunzi huingia wakitoka kupasua maiti. Akawaamuru waoshe mikono kwa maji yenye klorini. Vifo vikashuka sana katika miezi michache. Wakubwa wenzake hawakumwamini, maana nani anapenda kuambiwa kwamba mkono wake mwenyewe ndio ulioua? Alikufa mwaka 1865, kabla dunia haijampa haki yake. Klorini ile ile ndiyo iliyomo leo katika chupa ya Jik na nyinginezo zinazouzwa madukani petu.

Si lazima uitumie kila siku. Nyumba yenye watu wazima wote inatosheka na sabuni na jua. Tumia klorini mtu akiugua tumbo au macho, kukiwa na kipindupindu mtaani, wageni wakiwa wengi, na chooni.

Kwanza soma chupa. Utaona namba yenye alama ya asilimia; zipo za 3.5, zipo za 5. Kwa vitasa, meza, madawati na koki tunataka maji yenye nguvu ya asilimia 0.1. Kama chupa yako imeandikwa 3.5, tia vijiko 2 vya chakula katika lita 1 ya maji baridi. Kama imeandikwa 5, kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 49 vya maji, ambayo ni kama vijiko 4 vidogo vya chai kwa lita. Kwa matapishi, kinyesi cha mgonjwa au damu tunataka nguvu mara tano ya hiyo, asilimia 0.5: kikombe 1 cha dawa ya 3.5 kwa vikombe 6 vya maji, au kikombe 1 cha dawa ya 5 kwa vikombe 9. Usiongeze dawa kwa kudhani unafanya vizuri zaidi. Inaunguza mikono, inakula rangi, inatoboa bati, na fedha yako inapotea.

Osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake maji ya dawa. Kisha yaache. Wengi hufuta hapo hapo, na hapo wameharibu kazi. Dawa inahitaji muda, basi uache dakika 10 mahali pawe pamelowana. Halafu suuza kwa maji safi kitu chochote kinachoguswa na chakula au kinachowekwa mdomoni na mtoto. Maji ya dawa hutengenezwa ya siku ile tu, kwa maji baridi, na kuwekwa kivulini, kwa sababu jua na joto huimaliza nguvu yake. Chupa iliyokaa dukani juani miaka miwili ni maji ya bei kubwa, tazama tarehe.

Klorini haichanganywi na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Ukiichanganya na dawa kali ya chooni au na siki inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Ikikutana na mkojo mwingi uliosimama nayo hutoa hewa mbaya, kwa hiyo choo kimwagiwe maji kwanza. Fungua mlango na dirisha. Mwenye pumu asipewe kazi hii.

Na tunawaomba, kwa upendo wote, msiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kila mmoja wetu anamjua mtoto wa mtu aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya kufulia kwa sababu ilikuwa katika chupa anayoijua. Ikitokea, usimtapishe, inayounguza ikishuka itaunguza tena ikipanda. Msukutue kinywa, mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza, mwahishe kituo cha afya, na uichukue chupa yenyewe wakaione. Ikimrukia machoni, mmiminie maji safi robo saa nzima, analia au halii.

Neno moja kwa wanaouguza. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, Bukoba Vijijini mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki. Mwaka 2025 ukaonekana tena Biharamulo. Ugonjwa wa namna hiyo hupita katika damu, matapishi na shuka za mgonjwa, na wanaouguza nyumbani kwa kawaida ni wanawake. Ukisikia tangazo la ugonjwa huo, au mgonjwa akiwa na homa kali na kutoka damu, usianze kufua wala kuosha kwa mkono mtupu kwa kutegemea ndoo yako ya klorini. Mpishe, zuia wengine, ita wahudumu wa afya.

Shuleni

Tulitembelea shule moja ya msingi pande hizi za Magu. Jina tunaliacha, kwa sababu tungeweza kuitaja nyingine yoyote. Walimu walitupokea vizuri. Ijumaa madawati yalitolewa nje, madarasa yakamwagiwa maji vumbi litulie, yakafagiliwa. Watoto wanne wanne huketi dawati la watatu, na mbao zake zimekuwa nyeusi kwa jasho la miaka. Kando ya ofisi lipo pipa la maji, na juu yake kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa kwa kamba kisipotee. Watoto mia kadhaa, mdomo kwa mdomo, tangu Januari.

Tukaona na jingine. Wavulana walikuwa wanakata majani, wasichana walikuwa wanaosha vyoo. Hawakuwa na sabuni. Walikuwa na maji ya dumu na matawi ya miti, mikono mitupu. Tukamwuliza mwalimu wa zamu, akatuambia, "Mama, hao ni zamu yao. Wengine ni wachelewaji wa asubuhi."

Hapa ndipo tunapotaka kusimama. Tunajua walimu hawa wana mzigo. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, shule inaendeshwa kwa ruzuku ya Serikali, na sabuni inashindana na chaki na karatasi za mitihani. Tunajua mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na tunajua shule ngapi zimefika hapo. Lakini kufanya usafi wa choo kuwa adhabu ni kumfundisha mtoto kwamba usafi ni aibu, kazi ya mkosaji. Atakayeadhibiwa kwa kuosha choo ataosha vibaya, haraka, kwa hasira, na akiwa mkubwa atamtafutia mtu mwingine wa kuadhibu. Na kuwapa wasichana peke yao ni kuwapa wao peke yao minyoo na homa ya matumbo. Wavulana nao wanakwenda choo, tena hawalengi vizuri.

Basi akina mama tufanye nini? Tuna kikao cha wazazi, na tuna mwakilishi kwenye kamati ya shule. Pale tuombe mambo madogo ambayo hayahitaji mfadhili. Zamu ya choo iwe ya madarasa ya juu, wavulana na wasichana sawasawa, chini ya macho ya mwalimu, na iwe na brashi yenye mpini mrefu, glavu au hata mifuko mizito ya plastiki, na kunawa kwa sabuni baada ya kazi. Darasa la kwanza na la pili wasiguse klorini kabisa. Kuichanganya ni kazi ya mtu mzima. Mbao za madawati hunywa dawa, kwa hiyo kwa hizo kusugua kwa sabuni na kuziacha juani Ijumaa mchana ndiko kunakofaa, maadamu zimetolewa nje tayari. Dasta ya ubaoni ioshwe, isipigwe ukutani tu mpaka darasa zima linakohoa. Kile kikombe cha pipani kifunguliwe kamba, na kila mtoto aje na chake chenye alama yake. Kopo la plastiki lililooshwa linatosha, na mama wa Kisesa hawezi kushindwa kulipata.

Kuhusu sabuni, yule mwalimu alitupa jibu ambalo wengi wenu mtalitambua: "Ikiwekwa asubuhi, saa nne haipo." Ni kweli, sabuni ya mche inatembea. Lakini hakuna aibaye maji ya sabuni. Chukua chupa tupu ya lita moja na nusu, tia vijiko vitatu vya sabuni ya unga, jaza maji, tikisa, toboa kizibo kwa msumari wa moto, ifunge kwa kamba karibu na maji ya kunawia. Itawatosha watoto wengi sana kwa bei ya pakiti ndogo. Sabuni isipokuwepo kabisa, majivu safi ya jikoni husugua mkono vizuri.

Kisha koki yenyewe. Mtoto ametoka chooni, amefungua koki kwa mkono mchafu, amenawa vizuri, halafu amefunga koki ile ile kwa mkono safi. Amerudishiwa alichokitoa, pamoja na cha mwenzake. Dawa ya jambo hili ni kibuyu chirizi. Huko Zimbabwe katika miaka ya 1980 walianza kwa vibuyu vya kweli. Sisi siku hizi tunatumia dumu la lita tano, lakini jina la kibuyu limebaki, na linatupendeza sisi ambao mababu zetu waliweka kila kitu kibuyuni. Simika miti miwili yenye panda, pitisha fito, ning'iniza dumu kwa mpini wake. Toboa tundu dogo ubavuni, karibu na juu, upande wa mbele. Kamba itoke shingoni mwa dumu ishuke mpaka kwenye kijiti kilicholala chini. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, akiachia, linarudi. Mkono haugusi kitu. Chini tia changarawe pasiwe tope wala mbu. Vijana wa darasa la sita wanaweza kutengeneza vinne kwa asubuhi moja, na kila darasa lipewe chake kukijaza.

Nyumbani pia kinafaa, hasa karibu na choo, na Juni wageni watakifurahia kwa sababu watoto watataka kukanyaga mara kumi kumi. Mweke mmoja wa kujaza maji.

Maji ya klorini yatakayobaki jioni yasilale mpaka kesho. Lowekea dekio na vitambaa vya usafi kwa nusu saa, suuza, anika. Yaliyobaki mwaga mbali na mchicha na mbali na chombo cha maji ya kuku. Chupa irudi juu ya kabati, kizibo kimekazwa, mahali ambapo hata mtoto aliyepanda kwenye kiti hafiki.